Trekta Iliyogoma Jumamosi

Harufu ya dizeli ikinipitia, hata kama ni lori tu limesimama kwenye foleni ya barabara ya 270, uso unaniwaka kwa aibu. Inanirudisha kwenye shamba la kukodi kaskazini mwa mji wa Gaithersburg, huku Marekani, majira ya kuchipua nilipokuwa darasa la sita, mbele ya trekta kuukuu nyekundu iliyokataa kuwaka. Familia chache za Watanzania, na Wakenya wawili watatu, walikuwa wamekodi eneo lile walime mchicha, mahindi na matembele, maana walichoka kula mboga za dukani zisizo na ladha. Trekta waliipata kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa anaacha kilimo. Fundi wa kundi zima alikuwa baba yangu. Usiku alifanya usafi hospitalini, asubuhi analala kidogo, halafu magari ya watu yanamsubiri kwenye maegesho ya nyumba yetu. Shuleni sikuwa na sifa yoyote, lakini kwa Waswahili nilikuwa mtoto wa fundi, na nilitamba nalo hilo.

Heshima ya kuiwasha trekta mara ya kwanza alipewa Babu Mhina. Hakuwa babu yangu wa damu, alikuwa babu wa kila mtu. Ndiye aliyewapokea wengi wao walipofika, akawalaza sebuleni kwake Temple Hills mpaka wakapata kazi, na ujana wake wote aliendesha matrekta kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga. Sasa nani angethubutu kupanda kile kiti kabla yake? Jumamosi ile kina mama walikuja na vitumbua na chupa za chai, watu wakajipanga, Babu akashikwa mkono akapanda. Akaweka kofia yake sawa, akasema Bismillahi, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata kuguna, trekta haikuguna. Watu wote wakamgeukia baba.

Baba alianza na betri, kama fundi yeyote. Akasugua vichwa vyake kwa brashi ya waya mpaka vikang'aa, akakaza nyaya, akawasha taa za mbele. Zikawaka vizuri kabisa. Akamwomba Babu azungushe ufunguo huku yeye anaziangalia zile taa, na hazikufifia hata kidogo. Hapo akakunja uso, maana stata, ile mota ndogo ya kuamsha injini, ikivuta umeme lazima taa zipungue. Hizi zilikuwa zinamwambia kwamba umeme haufiki kwenye stata kabisa, umekatikia njiani. Akaangalia fyuzi. Akalala chini kwenye tope, akafuata waya mmoja mmoja na taa yake ndogo ya kupimia, kichwa chake karibu na viatu vya Babu. Akamwambia azungushe tena. Alikaa kule chini muda, na alipotoka alikuwa mpole kupita kawaida. Akajifuta mikono, akasema, "Babu, shuka upumzike. Nadhani ni stata. Niachieni mpaka wiki ijayo."

Wiki iliyofuata stata ikafunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa. Wiki nyingine ikawa swichi ya ufunguo. Kila mara Babu aliuliza, "Nijaribu, mwanangu?" na baba akajibu kwamba bado hajamaliza. Vitumbua vikaliwa, shamba likabaki majani. Wanjala, Mkenya mmoja mwenye mdomo, akaanza: "Fundi, hii trekta ndiyo iko na shida, ama ni wewe?" Watu wakacheka, baba naye akacheka! Mama Salma, ambaye gari lake halikuwahi kuguswa na mtu mwingine, akalipeleka kwa fundi Mkongo kule Silver Spring. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikawa nashinda ndani ya gari letu nimejifunika kofia ya sweta, na baba akiniita nimpelekee spana namjibu kwa Kiingereza kwamba nina kazi za shule. Nilimwonea haya baba yangu mwenyewe.

Siku moja katikati ya wiki alinipitia shuleni, tukaenda shambani wawili tu. Alikuwa na kipande cha chuma kimefungwa kwenye gazeti. Akapanda kwenye kiti, akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo, na trekta ikanguruma mara moja, moshi mweusi juu. Nilipiga kelele. "Si ilikuwa mbovu?"

"Mbovu wapi, mama," akasema, akaizima. Akanionyesha swichi ndogo chini ya pedali ya klachi: usipoikanyaga mpaka mwisho, umeme haupiti. Ile siku ya kwanza, akiwa chini, aliuona mguu wa kushoto wa Babu unatetemeka, na pedali inaishia nusu. Alikisia kwamba Babu alipatwa na kiharusi kidogo wakati wa baridi, na hakumwambia mtu. "Sasa ulitaka nimwambie mbele ya watu wote wale kwamba mguu hauna nguvu?" Nikamuuliza kwa nini basi anakubali kuchekwa. "Mimi nikichekwa narudi nyumbani nakula wali, nalala," akasema. Kile chuma kilikuwa mkono mrefu zaidi wa pedali, ili isidai nguvu nyingi. Rafiki yake anayechomelea vyuma ndiye aliyechelewa kukitengeneza. Nilimshikia spana mpaka alipomaliza.

Jumamosi Babu akapanda, akasema Bismillahi, na trekta ikawaka. Vigelegele! Watu wakamzonga baba, tatizo lilikuwa nini? "Waya," akasema. "Kawaya kadogo kamekatika, sikukaona." Wanjala alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki zote hizo, waya! Babu hakucheka. Aliiangalia ile pedali, akamwangalia baba, kisha akaanza kulima.

Siku hizi pale shambani pamejengwa nyumba, na baba ameufikia umri wa Babu. Mwezi uliopita tulitoka kwenye sherehe ya harusi Columbia Heights, watu wanaagana nje, baba akaomba alitoe gari langu jipya kwenye maegesho. Magari ya sasa unakanyaga breki, unabonyeza kitufe. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Watoto wananivuta gauni, gari la nyuma linapiga honi, na mimi nikapaza sauti kwa Kiingereza, mbele ya watu aliowatengenezea magari maisha yake yote, kwamba hakanyagi, akanyage kwa nguvu, kwani mguu una nini? Nilichosema kilikuwa kweli. Watu wakaangalia pembeni. Baba alishuka taratibu, akanipa ufunguo, akaenda kukaa nyuma na wajukuu zake.

Tukaishika barabara ya 270. Tulipokaribia nyumbani nikamsikia kule nyuma, kwa upole uleule wa shambani: "Labda ni waya tu, mama." Nikashika usukani kwa mikono miwili.