Barua za Kumzika Mama

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa katibu wa chama cha watu wa kwetu wanaoishi Riruta na Waithaka, Nairobi, na katibu hapumziki hata akifiwa mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia waajiri, ili kila mwanachama apewe ruhusa ya kusafiri nyumbani magharibi kuzika. Nilikuwa na makro, programu ndogo niliyoiunda ndani ya jedwali la kompyuta. Ilichukua jina, mwajiri na uhusiano na marehemu, ikavipachika kwenye barua. Nikibonyeza kitufe, zinatoka barua za watu wote. Nilijivunia makro ile kupita kiasi.

Safari hii niliwaachia watu wajaze jedwali wenyewe kwenye simu zao, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamevimba kwa kulia. Kwenye safu ya uhusiano, karibu kila mtu aliandika "mama". Sikuliona kosa. Kwetu mwanamke aliyekulisha na kukuchapa ni mama yako, na kumwita jina jingine siku ya msiba wake ni kumtukana. Nikabonyeza, nikapiga mihuri, nikagawa.

Wengi wao walikuwa masoja wa kampuni moja ya ulinzi. Asubuhi ya safari, msimamizi wao aliniita ofisini kwake mjini. Barua zangu zilikuwa zimerundikana mezani.

"Katibu, huyu mama alikuwa na watoto wangapi?" akaniuliza. "Nusu ya masoja wangu wamefiwa na mama mmoja. Mnanicheza?"

"Boss, si uongo. Sisi ndio tunamwitanga hivyo."

"Leave ni ya mzazi, bibi ama mtoto. Andika hizi upya. Mwenye alizaliwa na yeye alete birth certificate, aende. Na nikipata mmoja amedanganya, wote wanaenda home for good."

Mtoto aliyemzaa nilikuwa mimi peke yangu, na mimi sikuwa mwajiriwa wake.

Nikashuka River Road, kwenye duka la uchapishaji linalokodisha kompyuta. Nilianza kumfuta mama, mstari mmoja baada ya mwingine: huyu shangazi, yule mama mdogo, huyu jirani tu. Nilitamani kuivunja ile kompyuta. Mwenye duka aliniuliza kama ninaumwa, nikamjibu vibaya.

Kisha nikafika kwenye mstari wa kaka yangu mkubwa. Kaka, naye soja wa kampuni ile ile, ni mtoto wa marehemu dada yake mama. Aliletwa kwetu hata kutambaa bado, mama akamlea kabla mimi sijazaliwa. Ugonjwa ulipozidi, mama aliishi kwake Waithaka. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha uji, aliyemfumba macho. Lakini cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mwanamke mwingine.

Simu ikalia. Ni yeye.

"Sasa, basi inatoka saa ngapi? Nimepiga pasi ile shati nyeupe mathe alikuwa anapenda."

"Ngoja nitakuambia," nikasema, nikakata.

Nilitafuta njia hadi kichwa kikauma. Nikiacha "mama", masoja wote wanapoteza kazi, na yeye pamoja nao. Nikaandika "mama mkubwa". Nikabonyeza kitufe, na barua yake ikatoka pamoja na nyingine.

Nilimpelekea kwenye geti alilolinda Riruta, akiwa ndani ya sare. Aliisoma akiwa amesimama. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenipiga.

"Hata wewe?" akauliza.

Nikaondoka, maana basi lilikuwa linangoja.

Kwetu mwana mkubwa ndiye hutupa udongo wa kwanza. Jeneza liliposhuka, mchungaji alimwita mwana mkubwa. Watu wakageuka, wakamtafuta. Mchungaji akaita tena. Wakati huo kaka yangu alikuwa Nairobi, akiwafungulia watu geti. Nikatoka mimi, nikachukua koleo lake.