Neno Nililolifuta Ubaoni

Mimi ni mtu wa kujishaua na maneno, tena mwepesi wa hasira nikibishiwa. Nilikomeshwa mwishoni mwa 1994, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari. Nilikuwa nimerudi Kigali kutoka Tanzania nilikokulia, nikawa nafundisha watu wazima Kiingereza kila asubuhi, katika darasa la mtaani Gatsata lililobaki bila madirisha.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama aliyetoka upande wa Ndera, hakutaka mkalimani. Wageni waliokuwa wakiandika ushuhuda walimpangia Ijumaa, na mkalimani wa mara ya kwanza alikuwa amempunguzia maneno. Safari hii alitaka aseme kwa mdomo wake jinsi watoto wake watatu walivyouawa.

"Mwalimu, nipe neno ya kushambuliwa ghafla."

Nikafurahi, mjinga mimi! Nikaandika ubaoni: bushwhack. Nikaeleza kwa madaha kwamba ni neno la mitaani la Wamarekani. Kwanza lilimhusu mtu anayejipenyeza porini akifyeka vichaka, kisha, wakati wa vita, likawahusu wanaojibanza humo na kuwarukia wapita njia. Nikajikunja nyuma ya meza, nikachomoka na rula juu. "Haa!"

Wote wakainamia madaftari. Nikadhani hawajaelewa, nikataka kurudia.

"Hii neno si yetu," akasema yule mama. "Kichakani tulikuwa sisi, tumejificha."

"Mama, neno ndivyo lilivyo!" nikamkatiza, nimeshachemka.

"Wao walitoka barabarani, saa nne asubuhi. Walipanga mstari na mapanga, kama tulivyokuwa tunapanga siku ya umuganda, tukisafisha mtaa wote pamoja. Wakafyeka pole pole, toka chini ya kilima mpaka juu, wakipiga soga. Ule aliyefikia watoto wangu aliwaita kwa majina. Ghafla iko wapi, mwalimu?"

Mungu wangu! Rula ilinidondoka. Kwa aibu nikashindwa kumtazama. Sisi tuliokulia nje ya nchi tulivijua vita kwa masimulizi ya wajomba waliovizia porini, nami nikadhani hata hapa ilikuwa hivyo.

Nikalifuta lile neno kwa kiganja.

"Nikufundishe lipi, mama?"

"Jirani."

Nikaliandika kwa Kiingereza. Akalirudia mpaka adhuhuri, mpaka likamtoka mdomoni bila sauti kutetemeka.