Mdogo Wangu Katika Nguo za Shemeji Yake

Mdogo wangu alikuwa akicheza mwali. Msimu wa korosho ukiisha, wanaume wanne wa Nandagala walijifunga khanga, wakajipaka poda, wakacheza kama wasichana waliotolewa unyagoni siku hiyo. Wenzake walijaza matambara makalioni. Yeye hakujaza kitu. Alitembea kwa ncha za vidole, macho chini, kisha ghafla goti linalegea na uwanja mzima unaangua kicheko.

"Mwali, posa imeletwa!" wanawake walimpigia kelele.

"Waambieni wangoje, hata ugali unanishinda!" alijibu kwa sauti nyembamba.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wangu. Ndiye aliyemwazima khanga.

Mimi niliona aibu. Nilikuwa nimesoma sekondari, nikihesabiwa mtu pale Ruangwa, na watu wa Nanganga walikuwa wamekuja kumposa binti yangu mwaka mmoja, siku hiyohiyo ya ngoma. Niliingia uwanjani, nikamvua mdogo wangu kilemba mbele ya watu. "Kama wewe ni mwanamke, katafute ukoo wa kukuoza," nilimwambia. Hakuna aliyecheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba wale wageni walikaa mbele makusudi, wamwone vizuri.

Mdogo wangu alihamia Nachingwea, akalima ufuta, hakucheza tena. Tukikutana msibani alinipa shikamoo, basi.

Mwaka jana mke wangu aliugua, na sote tulijua hataamka. "Baba watoto," aliniambia, "nenda kamwombe radhi mdogo wako. Nataka nimwone akicheza kabla sijaondoka."

Kwetu mkubwa hamfuati mdogo. Mdogo ndiye huitwa. Nikapiga simu, nikasema shemeji yako anaumwa, anataka ucheze.

"Kuna jingine, kaka?" aliuliza.

Nikasema hakuna.

Alikuja, akamlisha mgonjwa uji, wakaongea wawili kwa muda mrefu, akaondoka bila kucheza. Mke wangu hakumlaumu. Alinitazama mimi. Nikaahidi kwamba nitakwenda, ufuta ukishavunwa. Alifariki ufuta ungali shambani.

Siku ya kuondoa matanga, kwa mila yetu shemeji ana ruhusa ya kumwigiza marehemu. Mdogo wangu, mvi kichwa kizima, alitoka ndani amevaa nguo za mke wangu. Alitembea mwendo wa marehemu, akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Akapepeta mchele ambao haukuwepo, akinung'unika kama yeye. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Akaja hadi kwenye mkeka wangu.

"Baba watoto, ulikwenda?"

Basi mke wangu alikuwa amemweleza.

"Sikwenda," nilisema.

"Sema kwa nguvu, mzee, huku nyuma hatusikii!" mtu alipaza sauti, akidhani ni mchezo.

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba nilimdhalilisha mdogo wangu uwanjani, kwamba mke wangu aliniomba jambo moja nikalisogeza mbele mpaka akafa, na kwamba naomba radhi. Kicheko kilikatika.

Mdogo wangu alibaki amesimama vilevile, mkono kiunoni. Halafu akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mimi nimekusamehe, kaka. Yeye siwezi kumjibia."

Akageuka, akainuka kwa ncha za vidole, akacheza. Nilimtazama mpaka mwisho. Pembeni yangu mkeka ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyethubutu kuikalia.