Kinyozi wa Osmín

Binamu yangu Osmín alinitia wazimu mwaka ule, na hata sasa nikikumbuka naona joto linanipanda kichwani. Kama nisingemwonya, ningemwelewa. Nilimwonya! Hajafunga hata begi, nikamwambia: "Osmín, kule chuoni Jumamosi ya kwanza mtanyolewa, wavulana wote wa mwaka wa kwanza. Wewe kaa tu, wakunyoe, cheka, yaishe."

"Nani aninyoe? Wahuni wale?"

"Wahuni wale wale, na mmoja wao ni mimi."

Chuo chetu cha kilimo ni kidogo, kiko juu huko kwenye milima ya Jinotega, kahawa mbele, kahawa nyuma. Wote tunaenea kwenye bwalo moja la chakula na meza nyingine zinabaki tupu. Pa kujificha hapana. Na desturi ya mkasi kila mtu anaijua, hata ng'ombe wa chuo wanaijua. Jumamosi ya kwanza, wa mwaka wa pili wanatoka uani na mikasi butu, kila mmoja anamkamata mgeni wake na kumkata hovyo hovyo, hapa upara, pale kichaka, mpaka mama mzazi akimwona alie. Sisi wasichana tunakatwa kishungi cha kisogoni tu. Kuanzia siku hiyo, aliyekukata ndiye kinyozi wako. Unakula mezani kwake. Anakuazima mabuti ya mpira, anakupa mitihani ya zamani, anakuingiza kwenye kundi lake la shamba, na ukiumwa anakuletea uji. Mimi kinyozi wangu Yahoska mpaka leo ananituma dukani utadhani alinizaa, nami naenda.

Ila ndugu haruhusiwi kumkata ndugu yake. Ingekuwa ruhusa, ningemkata Osmín mwenyewe, na sikio moja ningeondoka nalo.

Sasa unajua alichofanya? Ijumaa alishuka mjini, ati kununua sabuni, akaingia kwa kinyozi wa sokoni, akanyolewa kwa wembe, upara mtupu, na poda akapakwa. Jumamosi akatokea uani kichwa kinang'aa, kifua mbele, anajiona mjanja kuliko sisi sote.

Bismarck ndiye aliyepangiwa kumkata. Huyu ni mtoto wa seremala kutoka Estelí, mrefu, mpole, lakini mdomo wake hauna breki. Akamzunguka Osmín na mkasi mkononi, akamzunguka tena.

"Jamani, hapa nikate nini? Nikate pua?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Osmín naye akacheka, maskini, akidhani wanacheka pamoja naye. Bismarck akageuka, akamshika mgeni mwingine, na mambo yakaisha hivyo.

Jioni bwaloni Osmín akabeba sahani yake ya wali na maharage, akaiendea meza ya kwanza aliyoiona.

"Kinyozi wako nani?" wakamwuliza.

"Mzee mmoja pale sokoni."

"Basi kale naye."

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililonichoma. Ungekuwa ugomvi ningeuingilia, na mimi ugomvi nauweza. Walimsalimia, walimpa chumvi akiomba, walimpisha mlangoni. Lakini pale kila shughuli inapita kwa kinyozi, na yeye hana. Makundi ya kuchimba mashimo ya kahawa yakigawanywa, anabaki yeye na koleo lake. Besiboli ikichezwa, timu ni za meza. Akawa anakula peke yake karibu na mlango wa jikoni. Kwenye chuo kikubwa mtu anaweza kula peke yake na asijulikane. Kwetu wanakuona mpaka unavyotafuna.

Alijaribu, siwezi kumsingizia. Alileta jibini bichi la kwao, mzigo mzima, akazunguka nalo meza zote. Wakala, wakamsifia mama yake, wakafuta midomo. Akaazima gitaa, akakaa uani kupiga. Wakasimama, wakasikiliza, wakaenda zao. Na kilichotaka kunipasua kabisa ni hiki: nywele za wenzake zilipoanza kuota, yeye kila wiki anashuka mjini kunyoa tena!

"Osmín, una nini wewe?"

"Wenzangu wote wana vipara, dada. Nisifanane nao?"

"Vyao vimetafunwa na panya! Chako kinang'aa kama sufuria mpya! Unadhani watu hawana macho?"

"Unanipigia kelele bure."

"Bure? Acha nywele ziote, ndugu yangu, nakuomba."

Akaziacha, kwa kununa. Kufikia Juni alikuwa na nywele nyeusi tititi, nzuri kweli, anazichana kwa maji upande mmoja. Na bado yuko pale pale mlangoni mwa jikoni. Baba yake, mjomba Tránsito, akipiga simu swali lake lilikuwa moja: "Danelia mwanangu, kijana amepata wenzake?" Nami namjibu, "Anaendelea vizuri, mjomba." Nilichoka na uongo ule, nilichoka na kila kitu.

Asubuhi ya kufunga chuo kwa likizo ya Julai, nikaenda bweni la wavulana kumwita tuwahi basi. Nikakuta godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba. Mtu anayekwenda likizo habebi godoro.

"Hurudi," nikasema.

"Nitamsaidia baba shambani."

"Osmín!"

"Nimechoka, dada. Niache."

Nikatoka kwa hasira, moja kwa moja hadi bwaloni, kwenye meza ya Bismarck. Alikuwa anakula mayai.

"Mmefurahi sasa? Kijana wa watu anaondoka na godoro lake kwa ajili ya mkasi wenu wa kipuuzi!"

Bismarck akaweka uma chini. "Danelia, mkasi wangu uko chini ya kitanda tangu chuo kifunguliwe. Amewahi kuniomba?"

"Akuombe nini?"

"Nimkate. Jibini kaleta, gitaa kaleta. Kichwa hajaleta hata siku moja."

Nikarudi bwenini mbio.

"Nenda ukamwombe akukate."

"Nimwombe anifanye kituko?"

"Ndiyo! Sote tulifanywa vituko! Unadhani mimi nilipenda kutembea na kisogo cha kuku aliyenyonyolewa? Ndiyo yenyewe hiyo, mpumbavu wewe, hakuna siri nyingine. Unakaa, mtu anakuharibu, basi, mmeshakuwa watu."

Akanitazama. Macho yalikuwa yameshalowa, nikageuka ukutani nisimwaibishe. Akapita kando yangu, nami nikamfuata.

Bwaloni akasimama katikati ya meza. Kelele zikapungua.

"Bismarck," akasema. "Nikate."

Na yule mshenzi akaendelea kutafuna! Akamaliza tortila yake, ile chapati ya mahindi, akajifuta vidole kimoja kimoja, mimi natamani nimmwagie kahawa. Ndipo akasema, "Nani ana kiti?"

Viti vikaja kutoka kila upande. Mkasi ukaletwa, una kutu. Watu wakapanda juu ya mabenchi.

"Mwachie mkia!"

"Mchoree barabara ya Managua!"

Mpishi wetu, doña Tila, akawa anapiga sufuria kwa mwiko. Osmín alikaa amefumba macho, meno ameyauma, zile nywele nzuri zinaanguka sakafuni. Upande wote wa kulia ukaisha, yakabaki mabaka. Hapo basi likapiga honi barabarani, na Bismarck akatia mkasi mfukoni.

"We! Na upande huu?" Osmín akajishika kichwa.

"Huo wangu. Nitaukata ukirudi. Usiporudi, utajua mwenyewe. Sasa vuta kiti, maliza haya mayai, dereva atasubiri."

Akavuta kiti. Akala kwenye sahani ya Bismarck, huku honi inalia na mimi nimesimama mlangoni na mabegi yote mawili, wala hakuna aliyenipokea. Godoro tuliliacha.

Safari nzima ilikuwa aibu tupu. Mama mmoja kwenye basi aliniuliza kwa huruma huyu kijana anaumwa nini. Nikamwambia simjui. Na nyumbani ndiyo usiseme: mama yake alipomwona alipiga ukelele, akakimbilia mkasi wa kushonea.

"Njoo hapa nikusawazishe, kesho kanisani utakwendaje?"

Osmín akaruka nyuma, akafunika ule upande wenye nywele kwa mikono miwili.

"Usiguse, mama! Hizi si zangu."

"Ni za nani basi?"

"Za kinyozi wangu."

Mjomba Tránsito akanigeukia mimi, anataka maelezo. Nikamwambia kwanza nipewe chakula. Likizo nzima Osmín alikwenda kanisani hivyo hivyo, nusu kichwa nusu kituko, na akakaa benchi la mbele. Mimi nilikaa la nyuma kabisa.