Foleni ya Jeconia

Ndugu yangu Jeconia Ouma alikufa Jumatano, chini ya gari la mteja, jeki ilipoteleza. Siku iliyofuata wanaume walijaa kwetu Kiplombe wakinywa chai yangu na kubishana: kati ya madereva wa mbio za magari ambao hawakuwahi kuchukua kombe, mkubwa alikuwa nani, Jeconia au Gerishon Mburu wa Ainabkoi?

Mimi nilikuwa nagawa vikombe. Walisema Mburu alikuwa na mbio zaidi, ila aliua injini kwa pupa. Kila msimu aliuanza vizuri akaumaliza akivutwa kwa kamba. Jeconia hakuwa na pupa. Datsun yake aliiunda mwenyewe kwa vyuma vilivyotupwa gereji, akang'oa vioo, akafunga milango kwa waya. Kwenye kona ya matope wengine walikanyaga breki. Yeye aliachia mafuta mapema, gari likajipeleka lenyewe.

Mburu mwenyewe alikuwa ameketi pale, siku hizi ni mwenye duka na kitambi. Akasema, "Mimi nilikosa kombe kwa ujinga wangu. Msinifananishe na Jeconia."

Kila mmoja alijua maana yake na hakuna aliyethubutu kuitaja. Hapo ndipo hasira iliponishika. Nimeiombea, nimefunga siku tatu, na bado iko.

Novemba 1988 msimu uliisha Jeconia akiwa na pointi sawa na Nicholas, mpwa wa mwenyekiti wa klabu yetu. Sheria ilisema wakitoka sare wazunguke tena mara kumi, wao wawili tu. Mwenyekiti, aliyevaa beji ya chama tawala hata kanisani, akasema hapana. Watu wapange mlolongo, kama tulivyochagua wabunge mwaka ule: kila mtazamaji asimame nyuma ya dereva wake, na mwenye mstari mrefu achukue kombe.

Nilikuwepo. Mstari wa Jeconia ulianzia kwenye Datsun, ukapita kibanda cha chai, ukakunja kona kwenye ua wa shamba. Wa Nicholas haukufika kibandani. Jeconia alifurahi kama mtoto. Mawingu yalikuwa yamejaa na kina mama walikuwa na watoto mgongoni, basi akapita akiwashika watu mikono, akiwaambia asanteni, nendeni nyumbani msije mkanyeshewa. Wakaenda. Alivunja foleni yake mwenyewe, hata matokeo hayajaandikwa.

Mwenyekiti alingoja mpaka wakabaki watu wa Nicholas. Ndipo akahesabu.

Jeconia alipolalamika, akaulizwa mbele ya watu, "Foleni yako iko wapi, tuihesabu?" Wakacheka.

Hakushindana tena. Datsun ilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti chake. Wale waliosimama nyuma yake walipita gerejini, wakatengenezewa magari, wakazungumza juu ya mvua na bei ya mahindi. Huyu alikuwa na leseni ya kulinda, yule kazi, mwingine ploti. Ndugu yangu aliwaelewa. Mimi sikuwaelewa.

Alipokufa nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyemaliza Kidato cha Nne. Pasta akanijia kwa upole. Mwenyekiti alikuwa amempa ujumbe: niandike "mshindi wa pili", tumzike kwa amani. Nikamwambia pasta nitaandika yaliyotokea.

Ibada ilikuwa Ijumaa asubuhi, kanisani hapa mjini, kabla ya kuupeleka mwili kuzikwa kijijini kwetu Ugenya. Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma shule, nikasoma kubatizwa. Kisha nikasoma: "Mwaka wa 1988 Jeconia alishinda kombe, nalo akapewa mtu mwingine."

Mwenyekiti akainuka. "Dada Angeline, hapa ni nyumbani kwa Mungu. Hatuleti siasa."

"Ndiyo sababu nasema ukweli hapa, Mzee," nikamjibu.

Halafu Mburu akainuka kwenye benchi la nyuma, akatembea polepole na tumbo lake mpaka mbele, akasimama nyuma ya jeneza. Akaja Wacera, mwenye kile kibanda cha chai. Akaja Okello fundi. Wakaendelea kuja mmoja mmoja, mstari ukashuka katikati ya kanisa, kuelekea mlangoni.

Pasta, kwa kutaka kuyamaliza, akainua mkono kuwaomba warudi vitini.

"Msivunje," nikasema. "Kaeni hapo hapo nihesabu."

Nilishuka na kalamu. Nilihesabu kwa sauti, nikimgusa kila mtu begani, mwenyekiti akitazama saa yake. Nikaiandika hesabu chini ya wasifu, nikauweka mkononi mwa Jeconia kabla hawajafunga jeneza.

Walikuwa thelathini na mmoja. Siku ile ya Novemba walipita mia mbili, na wengi wao walikuwa mle kanisani. Mungu anawajua waliobaki wameketi. Na mimi nawajua.