Konokono Kwenye Mteremko

Mkunga hakuwa mtu wa kuogopa. Alizeekea katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, mahali ambapo hofu za watu wengine zilimwagwa mbele yake kila siku kama maji ya kupigia deki, naye akazikausha. Watoto waliotanguliza miguu, wanawake waliotokwa damu hadi midomo ikapauka, waume waliozimia mlangoni, wote walipita mikononi mwake, na wauguzi wenzake walikuwa wakisema yule mama moyo wake umeshonwa kwa waya. Kwa hiyo hofu ilipomjia uzeeni hakuitambua. Alidhani ni shinikizo la damu.

Mume wake aliendesha mabasi ya masafa marefu, na abiria walimpa jina la Kapteni, likamganda hata nyumbani. Alipostaafu, kukaa kitako kulimwasha kama upupu. Akanunua basi dogo lililokuwa limeota majani nyuma ya gereji fulani, akang'oa viti vyote isipokuwa vya mbele, akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji chini ya kabati, na mapazia ya maua aliyoyashona mkewe. Majirani waliliita Konokono, kwa kuwa lilibeba nyumba yake mgongoni na kwa ajili ya mwendo wake pia. Kapteni hakukasirika. Alimwita mchora vibao aliandike jina hilo kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha nyuma.

Mpango wao ulikuwa kuwatembelea ndugu. Wangeanza kwa dada yake Kapteni, kisha kwa binti yao mkubwa, mwalimu katika mji ulio chini ya milima, na kumalizia kwa kaka yake. Katikati wangetazama yale ambayo Kapteni aliyapita maisha yake yote bila kuyaona.

"Kwenye maporomoko ya maji abiria walikuwa wakishuka kupiga picha, mimi nabaki nakagua matairi," alisema siku ya kuondoka, akifuta kioo kwa mkono wa shati. "Safari hii na mimi nitashuka, Mkunga. Na mimi nitapigwa picha."

Dada yake, mwanamke mnene mwenye duka la vitambaa, aliwapokea uani mikono kiunoni.

"Karibuni, enyi mliofukuzwa na mwenye nyumba," alisema. "Naona mmekuja na chumba chenu, kwa hiyo changu hamkihitaji."

"Tumekuja na chumba, chakula hatukuja nacho, wifi," Mkunga alimjibu, wakacheka na kukumbatiana.

Walikula vizuri. Kapteni alikuwa na hadithi, kama kawaida yake: abiria aliyepanda na mbuzi akamkatia tikiti, abiria aliyelala akapitilizwa mji wake kwenda na kurudi. Kisha akaweka kijiko chini, akatazama mlango wa ndani.

"Mama amelala?" aliuliza. "Mbona haji kula?"

Mkono wa dada yake ulisimama juu ya sufuria. Mama yao alizikwa kabla kitinda mimba wa Mkunga hajazaliwa.

"Kaka naye," alisema dada mtu, akijilazimisha kucheka. "Utani mwingine si wa mezani."

Kapteni alicheka pia, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka kwa sababu wenzake wamecheka. Mkunga akaanza kukusanya sahani kabla watu hawajamaliza kula.

Wakiosha vyombo, wifi yake alimsogelea. "Wifi, nieleze ukweli. Kaka yangu mzima?"

"Mzima. Amechoshwa na njia."

Alipojisikia akisema hivyo, alishtuka. Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa ya ndugu za wagonjwa, waliosimama mbele yake wodini wakiapa kwamba dada yao alianza kuumwa jana tu, wakati uchungu ulikuwa wa tangu juzi. Mficha maradhi, alikuwa akiwaambia, na hakuwa na haja ya kumalizia. Sasa alisuuza sahani iliyokwisha kuwa safi, akaisuuza tena.

Walipoondoka pale, Konokono lilianza kunuka. Harufu ya kuungua iliingia kwanza kwa chini, kisha moshi ukatoka kwenye magurudumu ya nyuma, na kijana mmoja mwenye baiskeli akawapungia mikono wasimame. Walikokota hadi gereji ya mji uliofuata. Fundi, mtu mwembamba mwenye kilemba cha kitambaa cha mafuta kichwani, aliingia chini ya gari na kutoka na pedi za breki zilizoungua zikawa kama makaa.

"Feki hizi," Kapteni alisema kwa hasira. "Siku hizi kila kitu feki. Zamani pedi ilikuwa inakula barabara mwaka mzima."

Fundi hakubishana. Alizibadilisha. Lakini Kapteni alipokwenda kunawa, fundi alimkaribia Mkunga, akifuta vidole kimoja kimoja.

"Mama, niwie radhi. Mzee anaendesha breki ya mkono ikiwa imevutwa?"

"Mume wangu alikuwa dereva kabla hujazaliwa wewe."

"Ndiyo maana nimekuuliza wewe, sikumwuliza yeye," fundi alisema kwa upole. "Hizi pedi hazikuwa feki. Zimeburutwa njia nzima."

Tangu hapo Mkunga hakuwa abiria tena, akawa mlinzi. Kila Kapteni alipowasha gari, yeye aliinama kana kwamba anatafuta kandambili, akatupa jicho kwenye mkono wa breki. Kuna wakati ulikuwa chini. Kuna wakati ulikuwa juu, naye akasema kwa sauti nyepesi, "Mzee, hebu shusha hicho, kinanigusa goti," na Kapteni akashusha bila neno. Hilo lilimtisha kuliko kama angebisha. Kapteni wa zamani angebisha hadi jioni.

Alianza kuhesabu makosa ya mumewe kimya kimya, kisha akaogopa kuhesabu. Kwenye makutano ya barabara alimwona akisita, vidole vikipigapiga usukani, hadi lori la mbele likate kona naye alifuate, liende liendako. Alipomwambia wamepotea, Kapteni alisema amechagua njia ya mandhari. Mkunga alijikuta akikaa mkono wake ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Aruke aende wapi? Hata yeye hakujua.

Kwenye maporomoko ya maji siku ilikuwa njema. Mvuke uliwalowesha nyuso, na Kapteni alipigwa picha zake, kifua mbele, kofia mkononi. Mkunga alianza kulegea. Akaenda kununua chai kwenye kibanda, na aliporudi na vikombe, mume wake hakuwepo.

Alimtafuta kwenye ukingo kwanza, kwa sababu huko ndiko hofu ilikomwelekeza. Aliegemea reli, vikombe bado mikononi, akatazama chini mahali maji meupe yalipopasuka juu ya mawe, na hakuona shati la bluu. Akaita. Ngurumo ya maji ikaumeza mwito wake. Alikimbia, yeye aliyekuwa hajakimbia miaka na miaka, viatu vikiteleza kwenye tope, hadi uwanja wa maegesho. Hapo palikuwa na basi kubwa la watalii, mlango wazi, na watu wamekusanyika wakicheka.

Kapteni alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Mikono ilikuwa kwenye usukani, mgongo umenyooka, akitazama kwenye kioo cha ndani.

"Nani hajapanda?" alikuwa akiuliza kwa sauti ya kazi. "Tutawaacha watu hapa. Kondakta yuko wapi?"

Dereva mwenye basi lake alisimama mlangoni, hajui acheke au akasirike.

"Anawatania," Mkunga alisema, akihema. "Huyu bwana alikuwa dereva, anapenda mzaha. Mzee, shuka, chai inapoa."

Kapteni alimtazama. Kwa muda mfupi macho yake yalimpita Mkunga kama yanavyompita mtu asiye na tikiti. Kisha akashuka, akachukua kikombe, na watu wakampigia makofi kwa ule mzaha mzuri. Mkunga naye alitabasamu. Chai ilikuwa imemmwagikia kifundo chote cha mkono na hakuwa amesikia moto wake.

Angeweza kusema palepale: hatuendi mbali zaidi. Baadaye binti yake alimwuliza kwa ukali kwa nini hakusema hivyo. Mkunga alisema tu kwamba ukimnyang'anya mtu kama yule usukani mbele ya watu, unakuwa umemvua nguo. Alijiambia kwamba kwa binti kulikuwa karibu, kwamba wakifika watalizungumza ndani, kifamilia. Lililobaki lilikuwa mteremko.

Barabara ile inashuka mlimani kwa kona zilizokunjana kama utumbo, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Malori hupanda kwa kunguruma na kushuka kwa kupiga kelele za breki. Kapteni aliijua kama kiganja chake. Alianza vizuri, gia nzito, mguu mwepesi, hata akapiga mluzi. Mkunga akafumba macho, akajiona mjinga.

Mluzi ukakatika.

Alipofumbua macho, Kapteni alikuwa ametoa gia. Konokono lilikuwa linateleza lenyewe, vyombo vikianza kulia kabatini, na mume wake alikuwa akitazama mbele kwa uso wa mtu aliyeamka katika chumba cha ugenini.

"Hii barabara inakwenda wapi?" aliuliza.

Kona ilikuwa inawajia, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa mbingu. Mkunga alitaka kupiga kelele. Alijua pia, kwa mwili wake kuliko kwa akili, kwamba kelele ingemfanya akanyage chochote kilicho karibu na mguu. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa sauti ya wodini, ile ya chini, isiyo na haraka, aliyokuwa akiwasemesha wanawake wakati mambo yameharibika na wao hawapaswi kujua.

"Uko na mimi. Pumua. Usifanye haraka."

"Sioni... Sijui..."

"Hujatakiwa kujua. Nisikilize mimi tu. Mguu wa kulia uko wapi? Usogeze katikati. Hapo. Sasa sukuma, kidogo. Tena, kidogo. Vizuri sana. Zungusha kwangu, kuja kwangu, mpenzi, uje huku kwangu."

Kona ikapita. Gurudumu la nje lilitafuna kokoto za ukingoni, na lori lililokuwa nyuma lilipiga honi ndefu. Mkono wa Mkunga ulikuwa tayari kwenye breki ya mkono, akiivuta hatua kwa hatua kama mtu anayevuta kamba ya kisima. Mbele kulikuwa na mahali palipochimbwa kwenye mwamba kwa ajili ya magari yaliyoharibika. "Sukuma sasa. Yote." Konokono lilikwaruza ubavu wake wote kwenye jiwe, likatingishika, likasimama. Sahani moja ilianguka nyuma ikavunjika, baada ya kila kitu kunyamaza.

Mkunga alichomoa ufunguo. Ndipo alipojaribu kuufungua mkono wake, vidole vikakataa.

Malori yakapita. Kapteni alikuwa amerudi. Ilionekana usoni mwake, jinsi alivyoona kona nyuma yao na kuelewa.

"Nilijua," alisema. "Si leo. Tangu kabla hatujaondoka. Vitu vinanitoka, Mkunga. Nikasema, nimwone dada yangu kabla sijamsahau. Na mtoto. Na kaka."

"Na mimi ulitaka kunisahaulia wapi?" alimwuliza kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe. "Huko chini korongoni?"

Kapteni alivua kofia akaishika mapajani, na Mkunga aliona jinsi nywele zake zilivyokuwa zimepungua utosini, akageuza uso kwenye mwamba.

Mkwe wao alipigiwa simu, akapanda kwa teksi, akaliteremsha gari. Binti alilia kwanza, kisha akamgombeza mama yake kama anavyogombeza wanafunzi, kisha akalia tena. Daktari alisema kile ambacho wote walikuwa wamekwisha kukisema. Kapteni alimsikiliza kwa adabu na kumwuliza kama gari lake lina matatizo ya rejeta, maana magari ya aina ile huwa nayo.

Lakini kaka alikuwa bado hajaonwa, na Mkunga alikataa katakata safari ikatizwe hapo. Mkwe alipopata likizo, alishika usukani. Kapteni aliketi kitandani nyuma, akichukizwa na kila gia iliyoingizwa, akisema mkwe anaendesha kama anayekoroga saruji. Alikuwa sahihi mara nyingi. Mkunga alikaa mbele, na kwenye kila mteremko mguu wake ulikanyaga sakafu mahali ambapo hapakuwa na breki.

Kaka mtu, mzee mrefu mwenye fimbo, aliwangoja getini. Mkunga alishuka kwanza, akasimama pembeni. Kapteni alishuka kinyumenyume, akageuka, akamkazia macho kaka yake. Kisha akamwita jina la utotoni, lile la kumcheka miguu yake, na wazee wawili wakashikana mabega wakayumba kama walevi.

Waliketi barazani, wakaanza papo hapo kugombania nani aliyevunja redio ya baba yao. Kapteni alikumbuka hata rangi yake. Mkunga aliegemea mlango wa gari kwa nafuu.

"Kaka," Kapteni alisema, akainama upande wa nduguye kwa sauti ya chini ya heshima, "yule mama aliyetuleta, umemkaribisha chai?"

Kaka mtu alimtazama Mkunga, mdomo wazi. Mkwe akainamisha kichwa.

"Nimekaribishwa, baba," Mkunga alisema. "Asante." Akaja, akaketi kwenye kiti cha tatu, akamimina chai mwenyewe.

Kabla ya chakula alikuwa amekwisha kuwa Mkunga tena machoni pa mumewe, na Kapteni akamlalamikia kwamba kaka yake ni bahili wa sukari. Mkunga alicheka pamoja nao. Ila tangu siku hiyo, kila mume wake anapofungua mdomo kumwita, yeye huacha alichokishika, akasubiri neno litoke.