Birika la Gari

Nyumbani kwetu Msamala, maji ya moto ya kwanza asubuhi yalikuwa ya gari. Mama aliwasha kuni giza halijaisha, akateleka birika kubwa, na likichemka baba alilishika kwa kitambaa, akafungua boneti ya pikapu yake na kumimina maji polepole juu ya injini. Birika la pili lilikuwa la chai. Habari ya kuoga, kila mtu alijijua mwenyewe, na baridi ya Juni ya Songea haina huruma. Sisi watoto tulikua tukidhani magari yote huamshwa hivyo.

Baba alijifunza mtindo huo kwa madereva wa malori waliokuwa wakilala Njombe, ambako asubuhi injini hugoma kabisa. Akauleta kwake na kuufanya sheria. Baridi iwepo isiwepo, birika lilitoka. Pikapu ni ya dizeli, ya zamani, na milango yake hufungwa kwa kupigwa bega, lakini imebeba mahindi yetu kutoka Maposeni miaka mingi, na baba hajawahi kukubali kuiita kuukuu. Husema imekomaa.

Mwaka jana mama alipata kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kila Jumatatu ilimpasa afike asubuhi hospitali moja ya nje ya mji kusafishwa na kufungwa upya. Bodaboda hawezi kupanda kwa sababu goti halikunjiki, na kukodi gari kila wiki kulitushinda. Kwa hiyo ilikuwa pikapu au asiende kabisa. Nayo pikapu ikachagua majira hayo hayo ya baridi kuanza vituko. Ilitetemeka, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Jumatatu moja iligoma kabisa, mama akarudi ndani na kuvua kitenge chake cha kutokea.

Jioni kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka Dar. Alisema mama ataenda kukaa kwake, hospitali iko karibu na nyumba, na huu mchezo wa pikapu uishe. Hakuwa na ubaya, alikuwa na hofu. Lakini sote tulijua maana yake. Baba asingeliacha shamba la Maposeni akakae ghorofani kutazama magari ya watu. Mama angeondoka na baba angebaki. Simu ilipokatika, mzee alitoka nje, akaingia kwenye pikapu na kufunga mlango. Nilimwona kupitia dirishani ameshika usukani wa gari lililozimwa, nikaumia sana.

Nikampigia kaka tena, nikamwomba Jumatatu moja tu.

"Ikigoma nakuja kumchukua mama," akasema. "Usinilaumu."

Mimi nauza vipuri vya magari mjini, na ugonjwa wa wauza vipuri ni kuamini kwamba dawa ya kila gari iko rafuni. Hasira zangu pia ziko karibu, kwa hiyo nilianza kutibu kabla ya kupima. Nilipeleka betri mpya. Kesho yake stata ilizunguka kwa nguvu za ajabu, na gari likatetemeka vilevile. Nikabadilisha filta ya dizeli. Asubuhi iliyofuata moshi ulivuka uzio, ukatua kwenye sare za shule ambazo jirani alikuwa ameanika, na harufu yake ya dizeli mbichi ilimfanya mama wa nyumba hiyo atoke kuniuliza kwa upole kama tunachoma kitu. Nilimwomba radhi, nikarudi kuipiga teke tairi la mbele.

"Wewe mama," baba akaniambia, maana huniita hivyo mimi binti yake tangu nizaliwe, "hilo tairi limekosa nini?"

Siku hiyo mchana baba alitaka kulisogeza gari kivulini. Likawaka kwa mguso mmoja, laini. Nikasimama pale na bisibisi yangu kama mjinga. Injini ilikuwa bado na joto la kukohoa kwa asubuhi, na jua limeongezea. Pampu mbovu ya dizeli haichagui saa ya kugoma, na nozeli mbovu, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya injini, zingetoa moshi ule hata kwenye jua la utosi. Gari hili lilikuwa zima kila lilipokuwa na joto, na bovu kila lilipokuwa na baridi. Lilichokosa ni joto la kuanzia tu.

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia. Hutegemea joto la hewa inayobanwa ndani, na asubuhi ya baridi husaidiwa na plagi ndogo za kupasha, ambazo huwaka nyekundu kwa muda mfupi kabla hujapiga stata. Zikishindwa, dizeli huingia na kutoka bila kuungua vizuri, na ule moshi mweupe ndiyo hiyo dizeli. Nikajua nimempata mchawi. Nikabeba plagi mpya kutoka dukani, nikafungua za zamani, na kabla sijazitupa nikazijaribu moja moja kwenye betri kwa waya. Zote zikawaka nyekundu. Nilizichukia kwa uzima wake.

Jumapili, tulipotoka misani, nilizirudisha zile zile za zamani. Mama alikuwa amekaa uani mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda, anachambua maharage. Baba alisimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na utani. Nilichukua balbu yenye waya mbili, tunayotumia dukani kujua kama umeme unafika, nikamwambia baba afungue swichi. Kwenye plagi ya kwanza balbu iliwaka vizuri. Ya pili, ikawaka kwa shida. Ya tatu na ya nne, giza.

Plagi hizo zimeunganishwa kwa utepe mmoja wa chuma unaopita juu yake na kubanwa kwa nati. Umeme ulikuwa ukiingia na kufia njiani. Nikafungua nati na utepe ukanikatikia mkononi, umeoza. Chini yake palikuwa na kutu, na juu ya kutu ukoko mweupe mgumu. Nikaukwangua kwa ukucha. Ukoko ule niliujua. Nimeukwangua mara nyingi nikiwa msichana, kwa kijiti, ndani ya birika letu.

Nikageuka kutazama pale baba anaposimama kila asubuhi na jinsi anavyoinamisha birika. Maji yalikuwa yakiangukia hapo hapo.

"Umeona nini?" mama akauliza.

Nilitamani kusema sijaona kitu. Ningeweza kuweka utepe mpya kimyakimya na kuwaacha na birika lao. Mama alikuwa akiamka na mguu ule mbovu, akipuliza moto hadi macho yanamtoka machozi, ili gari liweze kumpeleka kutibiwa mguu. Utamwambiaje mtu kama huyo? Lakini utepe mpya nao ungeoza, na hapo nisingekuwa na Jumatatu nyingine ya kuomba. Nikawaambia. Nilisema maji ya moto yalilisaidia gari kila siku, na kila siku yalikula kidogo kile ambacho kingelifanya lisiyahitaji.

Mama aliacha maharage.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naliharibu?"

"Wewe ulichemsha tu," baba akasema. "Aliyemwaga ni mimi."

"Ningekataa kuchemsha, ungemwaga nini?"

"Ningemwaga ya baridi. Unanijua."

Mama akatikisa kichwa, kisha akacheka, na baba naye akacheka huku akitazama chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilikwenda dukani, nikapata utepe wa gari la aina nyingine, nikautoboa upya mpaka ukakubali. Nikasugua kila uzi wa nati kwa brashi ya waya. Nilipomaliza, balbu iliwaka sawasawa mwanzo hadi mwisho. Lakini balbu si asubuhi ya Songea.

Nililala kwao ili niwepo. Kulipoanza kupambazuka nilisikia kuni zinapasuka jikoni. Mama alikuwa ameteleka birika.

"Mama, tulikubaliana."

"Nimeliweka tu," akasema. "Likigoma, je?"

Hata mimi nilikuwa nikijiuliza hilo. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya pikapu na boneti ilikuwa imelowa. Baba alikuwa kwenye usukani amevaa sweta mbili na koti lake la kanisani. Alifungua swichi, akangoja taa ndogo ya manjano ya plagi izime, na kidole chake kilikuwa kikigonga usukani. Taa ikazima. Akanitazama mimi, si gari, kisha akapiga stata.

Injini ilijitikisa mara moja, ikaguna, ikashika. Moshi ulitoka kidogo na kupotea. Kisha ilibaki ikinguruma taratibu, sauti moja tu, kama vile mchana. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na sioni aibu kulisema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni amebeba birika linalotoa mvuke. Alitazama boneti iliyofungwa, akatazama birika, hakujua alipeleke wapi. Baba akashuka, akaacha gari linawaka, akalichukua birika mikononi mwa mama. Nikafikiri analirudisha jikoni. Alikwenda kwenye pipa, akamwaga maji yote ya moto kwenye ndoo, akachanganya na ya baridi, akayapima kwa mkono. Akaibeba ndoo hadi bafu la nje, akarudi kuchukua kigoda cha kuwekea mguu usilowe, akakipeleka nacho.

"Njoo uoge," akamwambia mama.

"Maji haya ya gari? Tutachelewa."

"Hatuchelewi. Gari limeshaamka."

Mama akafunga kanga kifuani, akajikokota kwenda bafuni huku akinung'unika kwamba mzee amerukwa na akili. Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka. Hakunisalimu, aliuliza tu, "Limewaka?" Nikaisogeza simu upande wa pikapu asikie mwenyewe. Kisha akaomba azungumze na mama.

Nikamwambia asubiri, mama anaoga maji ya moto.